Laini Moja, Watu Arobaini: Nani Anasubiri?

Iwe hosteli ya wanafunzi, ofisi ya ghorofa mbili, zahanati au nyumba ya wapangaji, malalamiko ni yale yale. Jioni ikifika neti inakuwa nzito, video inazunguka, simu ya WhatsApp inakatakata, na kila mtu anaanza kumtazama jirani yake kwa jicho la shaka. Dawa zinazotajwa kwanza huwa mbili: kumtafuta "anayemaliza neti" afungiwe, au kulipia spidi kubwa zaidi. Zote zinaweza kuleta nafuu, lakini zote zinaanzia pabaya, kwa kuwa zinaangalia kitu kimoja tu, nacho ni kiasi cha data kilichopita.

Kwenye laini ya pamoja dhuluma haiko kwenye matumizi makubwa. Iko kwenye kusubirisha wengine. Mtu anaweza kupakua gigabaiti 50 saa tisa usiku asimuumize yeyote. Mwingine akapandisha picha za megabaiti 30 saa mbili usiku, kwenye laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde, na kwa dakika nne akawaharibia watu kumi mazungumzo yao. Ripoti ya mwezi itamtaja yule wa kwanza kuwa mkosaji, na wa pili hataonekana kabisa.

Tatizo lenyewe ni kongwe kuliko waifai. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, umbali usiozidi mita 400, laini ya kilobiti 32 kwa sekunde ilianguka hadi biti 40 kwa sekunde. Hakuna waya uliokatika. Kompyuta zilituma pakiti, yaani vipande vidogo vya data, pakiti zikapotea kwa msongamano, zikatumwa upya, na huko kutuma upya kukaongeza msongamano uliozipoteza. Van Jacobson, aliyekuwa kwenye maabara hiyo, alichapisha suluhisho mwaka 1988: kila kompyuta ianze polepole, iongeze mwendo kidogo kidogo, na ikiona pakiti imepotea ichukulie kwamba njia imejaa na ipunguze mwendo mara moja. Itifaki ya TCP imebeba adabu hiyo mpaka leo, ingawa imerekebishwa mara nyingi.

Lakini ni adabu ya hiari, na inahesabu miunganisho, haihesabu watu. TCP haijui kama miunganisho kumi inatoka kwa wanafunzi kumi au kwa programu moja ya mtu mmoja. John Nagle alikwisha kuliona hilo mwaka 1985, akapendekeza rauta impe kila mtumaji foleni yake na kuzihudumia foleni hizo kwa zamu. Mwaka 1989 Demers, Keshav na Shenker walilipa wazo hilo hesabu zake. Tangu hapo nadharia ya kugawana kwa haki ipo. Kilichochelewa ni kuifikisha kwenye kile kisanduku kidogo kinachowakawaka ukutani.

Kabla ya kugawa ni lazima kuona. Tangu itifaki ya SNMP ilipotoka mwaka 1988, swichi na rauta za kazi zimeweza kusema ni baiti ngapi zimepita kwenye kila tundu. Mwaka 1995 Tobias Oetiker alitengeneza MRTG, programu ya bure iliyochora namba hizo kwa rangi ya kijani kwa zinazoingia na mstari wa buluu kwa zinazotoka, wastani wa kila dakika 5. Wasimamizi wengi wa mitandao walijifunzia kazi kwenye grafu zile, nami naziheshimu. Hata hivyo wastani wa dakika 5 unaficha mengi. Laini inayojaa kabisa kwa sekunde 20 za kila dakika itaonekana imetumika theluthi tu, na mkuu wa ofisi ataambiwa hakuna tatizo, wakati kila aliye kwenye simu anapoteza sekunde 20 za kila dakika ya maongezi.

Zana nyingine zinakwenda ndani zaidi. NetFlow ya Cisco, iliyokuja mwaka 1996, na ntop ya Luca Deri, ya mwaka 1998, zinaonyesha nani anawasiliana na wapi na kwa kiasi gani. Kwenye vifaa vya MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo visanduku vyake utavikuta kwa wauza vocha za waifai wengi huku kwetu, kuna zana iitwayo Torch: ukiiwasha unaona papo hapo ni anwani ipi inavuta nini. Ni nzuri kwa kumkamata mtu. Ila kuonyesha nani anasubiri, haiwezi.

Kipimo cha kusubiri hakihitaji gharama. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, andika ping na anwani 8.8.8.8 (kwenye Windows ongeza -t), uiache iendelee bila kukoma. Laini ikiwa tupu, namba zitateremka zikikaribiana: tuseme milisekunde 30, 31, 29, 30. Sasa mwombe mwenzako wa chumba cha pili apandishe video ndefu. Kwenye rauta ya kawaida yenye uwezo mdogo wa kupakia, namba zinaanza kupanda mbele ya macho yako: 90, 240, 600, 1400. Tazama vizuri, hakuna pakiti iliyopotea. Grafu ya matumizi nayo haina la kulaumu, maana laini inatumika sawasawa na ilivyolipiwa. Lakini neno unalolisema kwenye simu sasa linafika baada ya sekunde nzima na zaidi, na anayekusikiliza ameshaanza kusema "haloo, haloo".

Chanzo chake ni bafa, yaani kumbukumbu ya muda ambamo rauta hupanga pakiti zinazosubiri kutoka. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa siku nyingi, aligundua hali hii akiwa nyumbani kwake na akaanza kupiga mbiu. Kumbukumbu zilikuwa zimekuwa rahisi, watengenezaji wakazijaza kwenye vifaa wakidhani wanasaidia. TCP, kama alivyoipanga Jacobson, inangoja kuona pakiti imepotea ndipo ipunguze mwendo; bafa kubwa inakataa kupoteza chochote, basi mtumaji anaendelea kumimina na foleni inazidi kurefuka. Piga hesabu: bafa ya kilobaiti 256 kwenye laini inayopakia megabiti 1 kwa sekunde inahitaji sekunde 2 kumalizika. Kila pakiti mpya, hata ile ndogo yenye sauti ya mtu, inakwenda kusimama mwisho wa hizo sekunde 2.

Mwaka 2012 Jacobson huyo huyo, akiwa na Kathleen Nichols, alitoa CoDel. Badala ya kuuliza foleni ina pakiti ngapi, CoDel inauliza pakiti imekaa humo muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 na hali hiyo ikadumu kwa milisekunde 100, inaanza kudondosha pakiti moja moja ili watumaji wapate ishara mapema. Baadaye wenzao, wakiwemo Eric Dumazet na Dave Täht, waliiunganisha na wazo la Nagle la foleni tofauti, ikapatikana fq_codel, ambayo kwa kawaida hutawanya trafiki kwenye foleni 1024 na kuipa nafasi ya mbele ile inayotuma kidogo. Iliwekwa rasmi kwenye waraka wa kiufundi Januari 2018, na mwaka huo huo mdogo wake mwenye uwezo zaidi, CAKE, akaingia kwenye kiini cha Linux. Rauta yenye mfumo huria wa OpenWrt inazo zote bure, na toleo la 7 la mfumo wa MikroTik linazo pia.

Msimamo wangu hapa hauna kigugumizi: foleni ipangwe hivi kabla ya kununua spidi na kabla ya kumfungia mtu yeyote. Mpakiaji wa video anaendelea na video yake, mpiga simu anaendelea na simu yake, na hakuna aliyeitwa mwizi. Kuna sharti moja ambalo mafundi wengi hulisahau. Foleni lazima iundwe ndani ya kisanduku chako, isiundwe kwa mtoa huduma. Kama laini yako ni megabiti 20, iwekee rauta kikomo cha 18 au 19. Hiyo moja au mbili unayoiacha ndiyo bei ya kuwa na usukani.

Foleni ikishatulia ndipo swali la haki linapojitokeza lenyewe: unagawa kwa kipimo gani? Ukigawa kwa muunganisho, ambavyo ndivyo fq_codel inavyofanya, mwenye kufungua mingi anapata kingi. Chukua laini ya megabiti 20. Mmoja anapakua kitabu cha kiada kwa muunganisho mmoja, jirani yake ana programu ya BitTorrent yenye miunganisho 19. Mgawo utakuwa megabiti 1 kwa 19, na kila muunganisho utakuwa umepata haki yake kikamilifu. Wapo waliojaribu kulimaliza hilo kwa mabavu: mwaka 2007 ilibainika Marekani kwamba kampuni ya Comcast ilikuwa inakata miunganisho ya BitTorrent ya wateja wake kwa kutuma pakiti za kughushi, na mwaka 2008 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaiamuru iache, ingawa amri hiyo ilitenguliwa mahakamani mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 2007 Bob Briscoe aliandika makala kali akisema usawa wa miunganisho hauna msingi wowote wa haki, maana mtu anaweza kujizidisha apendavyo. Alisema pia kwamba kinachostahili kuhesabiwa ni baiti ulizopitisha wakati wengine wamekwama. Sijaona hoja iliyoijibu hiyo ya pili.

Ukigawa kwa kifaa, mambo yanakaa vizuri kidogo. CAKE inaweza kugawa kwa anwani ya kifaa kwanza, kisha ndani yake kwa muunganisho. Kwenye MikroTik foleni ya aina ya PCQ ina kazi inayofanana. Lakini mwenye simu, kompyuta mpakato na televisheni anapata mafungu matatu, na kwenye chumba kilichojifungia kirauta chake, watu sita wanaonekana kama mmoja. Zaidi ya hapo, simu zenye Android 10 ya mwaka 2019 au iOS 14 ya mwaka 2020 na kuendelea huweza kujipa anwani ya bandia kwa kila mtandao, kwa sababu nzuri za faragha. Kumtambua mtu kwa anwani ya simu yake kumekuwa kubahatisha.

Ndiyo maana napendelea fungu liende kwa yule mwenye haki ya kulidai. Kwenye nyumba ya wapangaji kodi inalipwa kwa chumba, basi fungu liwe la chumba. Kwa muuza vocha, fungu ni la vocha, hata ikiingizwa kwenye simu mbili. Chuoni, ambako wanafunzi wanaingia kwenye waifai ya vyuo iitwayo eduroam kwa jina na nywila zao, fungu ni la mwanafunzi. Zahanati ni jambo jingine kabisa: pale kompyuta ya mapokezi inayotuma madai ya bima inatangulia, na usawa kati ya mapokezi na televisheni ya ukumbini haumsaidii mgonjwa.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni la kukata vipande vya kudumu. Vyumba 20, megabiti 20, kila chumba megabiti 1, mchezo umekwisha. Saa nne asubuhi wamebaki watu wawili tu, kila mmoja akihangaika na megabiti 1 yake, huku 18 zimelala bila kazi. Kinachotakiwa ni kiwango cha uhakika kwa kila chumba pamoja na ruhusa ya kukopa kilichobaki. Foleni za HTB za Martin Devera kwenye Linux zilitengenezwa kwa ajili hiyo, na kwenye MikroTik utaona sehemu mbili za kujaza, ya kiwango cha uhakika na ya kikomo. Mafundi wengi hujaza ya kikomo peke yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Vyumba vinne vinataka megabiti 1, 3, 10 na 20 kwenye laini ya 20. Fungu sawa ni 5. Wa kwanza anahitaji 1 tu, anapewa. Wa pili 3, anapewa. Zinabaki 16, na wawili wa mwisho wanapata 8 kila mmoja. Hakuna anayeweza kuongezewa bila kumnyang'anya aliye na kidogo au aliye sawa naye. Jambo la kushangaza ni kwamba ukiupima mgawo huu kwa kipimo maarufu cha Raj Jain na wenzake cha mwaka 1984, ambacho 1 ni usawa kamili, unapata 0.72. Kipimo kinalalamika wakati hakuna aliyedhulumiwa. Ukiwahesabu wale wawili tu ambao bado wanataka zaidi, unapata 1. Kwa hiyo anayefuatilia mtandao kwa namba moja ya usawa ajue kwanza anawahesabu akina nani.

Kwenye waifai kinachogawanywa ni muda wa hewani, na hapo ndipo watu wengi hupotezwa. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walionyesha kwamba kifaa kimoja cha mbali chenye mawimbi hafifu kinawashusha wote. Ni kama foleni ya bomba ambapo kila mtu ana zamu ya dumu moja, lakini mmoja amekuja na dumu la mdomo mwembamba: zamu ni sawa, muda si sawa, na foleni nzima inakwenda kwa mwendo wake. Kwa waifai ya zamani, kifaa cha megabiti 11 kikipishana zamu na cha megabiti 1, kila kimoja kinaishia chini ya megabiti 1. Mwaka 2017 Toke Høiland-Jørgensen na wenzake waliandika jinsi ya kugawa muda wa hewani badala ya zamu, na kazi yao ikaingia kwenye Linux. Kabla ya kufika huko, televisheni ivutiwe waya, kasi za kizamani zizimwe kwenye rauta, na kituo cha pili kiwekwe mwisho wa korido. Mtu wa chumba cha mwisho hana kosa lolote. Amepangishiwa mbali na rauta.

Viwango vya mwezi, gigabaiti kadhaa kwa kila mtu, vina historia yake. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika mwambao wetu Julai 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kilomita karibu 36,000 juu, pakiti ikichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na kila kilobiti ikiwa na bei yake. Kugawa kwa mizani ilikuwa lazima. Vyuo viliweka seva za Squid zilizohifadhi kurasa zilizokwisha kupakuliwa. Faida hiyo imepungua sana, kwa sababu trafiki nyingi sasa imefichwa kwa HTTPS na seva ya katikati haioni cha kuhifadhi. Anayetumia bando la gigabaiti bado ana sababu ya kuhesabu, maana baiti ni pesa. Mwenye laini ya kulipia kwa mwezi bila ukomo hana sababu hiyo. Akiweka viwango, atawafundisha watu kuogopa kutumia usiku kilicholipiwa tayari.

Ufuatiliaji una upande mwingine, mzito kuliko foleni. HTTPS inaficha ulichosoma, lakini mara nyingi haifichi jina la tovuti, na jina linatosha kumvua mtu nguo: tovuti ya ushauri wa VVU, ya kutafuta kazi kwa mfanyakazi ambaye bosi wake hajui, ya chama cha siasa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ya 31 ya Katiba ya Kenya zinalinda faragha. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa upande wa pili, kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye vibanda vya intaneti waweke kamera na kuandikisha wateja. Mwenye mtandao mdogo amesimama katikati ya madai hayo.

Kwa kazi ya kugawa, kuhesabu kunatosha. Unahitaji baiti za kila chumba kwa kila dakika, na muda wa kusubiri. Majina ya tovuti hayahitajiki hata kidogo, na orodha ya "watumiaji wakubwa" haipaswi kubandikwa ubaoni. Mara nyingi anayeongoza ni kompyuta iliyojisasisha yenyewe usiku. Kuzifungua pakiti kwa programu kama Wireshark kubakie kuwa kazi ya kutafuta hitilafu, mwenye kifaa akijua.

Mahali ambapo mgawo hauonekani, watu hujichukulia haki mkononi. Kwenye hosteli kuna programu ambazo mwanafunzi akiziwasha, anawakata wenzake wote. Zinatumia udhaifu wa ARP, itifaki ya mwaka 1982 inayomwamini yeyote anayesema "rauta ni mimi". Kinga ipo: kwenye waifai, zuia vifaa visiongee vyenyewe kwa vyenyewe; kwenye swichi za kazi, washa ukaguzi wa ARP. Lakini waulize hao vijana kwa nini walianza, wengi watakwambia neti ilikuwa haifiki kwao.

Linabaki gumu moja ambalo vifaa vya kawaida havijalimaliza. Kikomo cha 18 kati ya 20 kinadai laini isiyobadilika. Nyumba nyingi za huku zinatumia rauta za 4G na 5G, ambazo mchana zinaweza kutoa megabiti 40 na jioni 6. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, hata laini za waya zilizokuwa imara zilijikuta nyembamba kuliko zilivyolipiwa. Hali ikiwa hivyo foleni inahamia nje ya kisanduku chako na mpangilio wako wote unakuwa pambo. Kuna programu ndogo za OpenWrt zinazopima ping muda wote na kupandisha au kushusha kikomo kufuatana na kusubiri kunavyokwenda. Zinafanya kazi, ila zinataka fundi wa kuzichunga. Asipokuwepo, weka kikomo kulingana na laini inavyokuwa saa mbili usiku, kwa sababu saa hiyo ndiyo watu wote arobaini wako nyumbani.